Bwana Mifugo na Popo wa Ghala la Pamba

Nianze na mikono yake, maana niliijua kuliko uso. Ilikuwa mikono mikubwa ya mtu aliyezoea kumvuta ndama aliyekwama tumboni mwa mama yake, lakini huikuti nje. Muda wote ilikaa ndani ya mifuko ya kaptula yake ya kaki. Ukimpa shikamoo alijibu marahaba akiwa ameificha vilevile, na wageni walidhani ni dharau. Sisi tulishazoea. Tulimwita Bwana Mifugo kwa kazi yake, na jina la kwao sina haja nalo. Alizaliwa wapi, baba yake nani, kawaulizeni watu wa ukoo wake. Mimi nitaandika ninayoyajua. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo anayetaka maneno ya kupambwa atafute mwingine.

Neno lake kubwa lilikuwa "Mikono mfukoni!" Alilitoa kwa sauti ya kuimbia kanisani, sauti nzito, kila alipokuta watu wamezunguka kitu kilichokufa. Siku moja alitukuta sisi wanawake tunamtazama swala aliyefia kando ya mto. Alikuwepo mama mmoja mnene, mcheshi wa kijiji, akaanza kujipapasa khanga toka kifuani mpaka magotini.

"Bwana Mifugo, mfuko uko wapi hapa? Nionyeshe niweke."

"Weka kwapani, mama. Weka popote. Usiguse tu."

"Na macho je? Maana yameshagusa, na yameona nyama."

Tulicheka mpaka mmoja akaangusha ndoo. Yeye hakucheka. Alikuwa anamfuata kwa macho nzi mmoja aliyetoka kwenye jicho la swala akaenda kutua shavuni kwa mtoto aliyebebwa mgongoni.

Ndivyo alivyoishi, akiona njia ambazo sisi hatuzioni: toka jicho la mzoga mpaka shavu la mtoto. Maziwa hakunywa mpaka yachemke na kushika utando, na kwetu mtu wa namna hiyo anaonekana hakulelewa na ng'ombe. Kwenye misiba alikula chakula alichofunga mwenyewe. Ng'ombe akifa kwa ugonjwa alitulazimisha tumzike, akamwagia dawa ya josho juu ya shimo, akasimama pale mpaka jua lizame. Akishaondoka watu walifukua. Nyama walisuuza mtoni, wakachemsha, wakala. Asubuhi alipita kwenye mistari ya nyumba akinusa kama mbwa wa mwindaji, na kila mlango alioukuta una harufu ya supu alisimama akasema, "Mkiumwa msinifiche." Hakumshitaki mtu hata mmoja. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli, hata kama nina yangu moyoni dhidi yake.

Halafu mbwa. Amri ilikuja kwamba kichaa cha mbwa kimezidi na mbwa wote wauawe. Bwana Mifugo alipewa bunduki na risasi. Wa kwanza kumpiga alikuwa wake mwenyewe, jike jekundu aliyelala kila siku chini ya baiskeli yake. Ndipo akaanza kwetu, boma kwa boma, na kila mbwa aliuliza jina lake kwanza. Wazee walimtukana kwa Kikurya na kwa Kiswahili. "We mura, we kijana, umemaliza mbwa, sasa atatubwekea nani? Wewe?" Mwizi wa ng'ombe haogopi mtu, anaogopa mbwa, kila mmoja kwetu analijua hilo. Yeye akajibu, "Mwizi akija ataondoka. Kichaa kikiingia hakiondoki."

Aliyefurahi alikuwa Mwenyekiti wa kijiji, Marwa. Huyo namwandika kwa jina. Alikwenda kwenye mkutano wa wilaya akasimama akatangaza kwamba kijiji chake hakina mbwa, kwa hiyo hakina kichaa. Akapigiwa makofi. Alirudi akitembea kama mtu aliyeoa.

Kijiji chenyewe kilikuwa upande wa Machochwe, karibu na hifadhi. Tulikusanywa pale wakati wa operesheni ya vijiji, kila ukoo toka kilimani kwake, tukapangwa kwenye mistari kama miche ya pamba. Miti mikubwa ilifyekwa ili mistari inyooke. Katikati likajengwa ghala la pamba la bati, bati la kwanza pale, na popo waliokosa miti wakaingia chini ya bati hilo. Katika wakazi wote wa kijiji kile, popo tu ndio walihamia kwa hiari.

Walinuka. Jioni walitoka kwa pamoja kama moshi, na Bwana Mifugo alivaa kofia na kusimama mbali akiwatazama. Watu walitaka wafukizwe moto. Yeye, mtu aliyeogopa hata utando wa maziwa, ndiye aliyekataa. "Hao wanakula wadudu wa pamba. Waacheni." Siku zote alikuwa hivyo, huwezi kumkamata upande mmoja.

Halafu popo wakaanza kuanguka. Asubuhi tulikuta mmoja, siku nyingine wengi, chini ya ukuta wa ghala, wengine wakiwa hai, mdomo wazi, wanajikokota kwa mabawa kama mtu anayetambaa juu ya khanga iliyochanika. Alifika, akapiga ukelele wake wa mikono mfukoni, akawaokota kwa vijiti na kuwachoma. Ila hakuwamaliza. Kila alfajiri tuliona nyayo za mnyama aliyekuja kula waliobaki.

Bwana Mifugo aliingia ghalani, akayakagua madebe ya dawa ya kunyunyizia pamba yaliyopangwa humo. Mengine yalivuja. Akatoka, na kwa mara ya kwanza nikamwona amelegeza mabega.

"Ni sumu," akatuambia. "Wamelamba dawa. Msiogope. Sumu haiambukizi. Msile tu."

"Nani anakula popo?" akauliza yule mama mcheshi. "Labda Mwenyekiti."

Tukacheka, na yeye akacheka. Miaka yote aliyotutisha hatukumsikiliza. Siku hiyo moja alipotutoa hofu, tulimsikiliza.

Sasa nimtaje Robi, dada yangu. Aliolewa mle mle kijijini, nami nilikuwa nimehamia kwake kumsaidia na mtoto. Mumewe alikuwa amevuka mpaka kwa wajomba zake, upande wa Kenya. Siku hiyo tulikuwa kivulini mwa ghala tunachambua pamba, mchana kweupe, mtoto amelazwa juu ya gunia. Akatokea fungo. Ni mnyama wa madoa kama paka mkubwa, usoni kama amepakwa masizi. Mchana humwoni kamwe. Huyu alikuja katikati ya mistari ya nyumba akipepesuka kama mlevi wa siku ya mnada, mate yanamtoka, na hakuna mbwa wa kubweka. Alikuwa ameshapita bomani kwa baba mkwe wa Robi akamng'ata beberu. Akaja moja kwa moja kwenye lile gunia.

Robi alitanguliza mkono. Fungo akaufunga kwa meno, asiachie. Nikampiga teke, akageuka akanishika muundi wa mguu. Wanaume wakafika na fimbo, wakammaliza.

Bwana Mifugo alikuja na baiskeli yake. Alimpasua tumbo yule fungo kwa kisu, akafukua kwa kijiti, na sote tukaona: mabawa ya popo, meusi, yamekunjamana. "Si nilisema? Amekula popo wenye sumu. Ndiyo maana amelewa." Alisema kama mtu aliyeshusha mzigo.

Hata hivyo akaagiza maji. Hiyo ilikuwa tabia yake, kila kitu kioshwe. Mfukoni alikuwa na kipande cha mche wa sabuni, kitu ambacho miaka ile ulikitafuta dukani mpaka ukasahau rangi yake. Aliuchukua mguu wangu akauosha mwenyewe, akiusugua ndani ya jeraha hadi machozi yakanitoka.

"Inatosha, Bwana Mifugo."

"Bado."

"Inauma."

"Bado."

Robi asingeweza kuoshwa naye. Bwana Mifugo na baba mkwe wa Robi walikuwa rika moja, walitahiriwa pamoja, na kwetu hapo mtu huyo ni baba mkwe kamili. Hamgusani. Hampeani kitu mkono kwa mkono. Mkikutana njiani unapisha. Basi aliiweka sabuni juu ya jiwe, akarudi nyuma, akageuza uso. Robi akapiga goti, akaichukua, akaanza. Povu lilikuwa halijashika vizuri Marwa alipotokea.

"Nyie wanawake! Lori la pamba linakuja kesho, nyie mnafanya sikukuu ya mkwaruzo wa paka? Rudini kazini!" Akainama, akaichukua sabuni mkononi mwa Robi. "Na sabuni inachezewa hivi, watu wananuka."

"Mwenyekiti, hajamaliza," Bwana Mifugo akasema, uso bado umegeukia kule.

"Si umesema ni sumu? Sumu inaambukiza?"

Nilikuwa karibu na Bwana Mifugo, mguu wangu unachuruzika, nikamwona anatafuta neno.

"Haiambukizi," akasema.

Robi akakung'uta povu, akafunga mkono kwa pindo la khanga, akarudi kwenye pamba. Marwa akaondoka na sabuni.

Majeraha yalipona. Wiki zikapita, tukasahau kabisa, tukawa tunamwiga yule fungo anavyopepesuka ili mtoto acheke. Halafu beberu wa baba mkwe akaanza. Alilia kwa sauti iliyokauka, akagonga nguzo za boma hadi pembe ikavunjika, akang'ata miti, mate yananing'inia. Watu walimwita Bwana Mifugo. Alisimama pale uani muda mrefu. Nilijua kabla hajafungua mdomo, kwa sababu mikono yake ilikuwa nje ya mifuko, imening'inia tu.

"Si sumu," akasema.

Alinitazama mimi. Robi hakumtazama, hakupaswa kumtazama.

"Panda," akaniambia, akipiga keria ya baiskeli. "Tunakwenda Mugumu, hospitali. Kuna sindano." Kisha akasema kwa kupitia kwangu, ingawa Robi alisimama pale pale akisikia: "Mwambie na yeye apande lori la leo. Asikose."

"Mwambie nimesikia," Robi akasema. Alikuwa anatabasamu. Hakuweza kukaa kwenye keria ile, nyuma ya mgongo wa mkwewe, amemshika kiuno, kijiji kizima kinatazama. Hata kulitaja hilo hakuna aliyelitaja. Akaninong'oneza, "Nenda, mdogo wangu. Mshike sana, asije akaweka mikono mfukoni mkiwa mteremkoni."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyapata kwake.

Lori lilikuja. Dereva wake Chacha, naye namwandika, alisema hapakii mtu bila ruhusa ya Mwenyekiti. Baba mkwe akaenda kwa Marwa. Marwa akamwambia, "Mzee, kijiji hiki hakina mbwa. Kichaa kitoke wapi? Unataka niende wilayani nikajiite mwongo?" Lori likaondoka na pamba. Bwana Mifugo aliporudi na kusikia, alipiga magoti mbele ya Marwa, mtu mzima yule, watu wanamwona. Akaomba baiskeli ya Marwa, maana hata keria ya mkwe haikaliwi, ili kijana mwingine ampakie Robi. Ilikuwa mbovu, akaambiwa, na jioni yake mtoto wa Marwa alionekana anaiendesha kwenda dukani. Lori likaja tena. Chacha akasema magunia yamejaa.

Ndipo Bwana Mifugo akaenda kwa wazee kuomba avunje ukwe, ampakie yeye mwenyewe, halafu atoe chochote kitakachotakiwa kusafisha. Wazee wakakaa. Wengine walisema inawezekana, wengine walisema haijawahi kutokea. Mwishowe walikubali. Siku waliyokubali ndiyo siku Robi alipopewa kikombe cha maji akakitupa, koo limemkaza, akalia kwamba upepo unamuumiza. Sitaeleza zaidi. Mimi nilikuwa Mugumu nachomwa sindano za tumbo, nikiuliza kila lori lililoingia kama limemleta.

Bwana Mifugo ndiye aliyeniletea habari. Alisimama mlangoni mwa wodi na mikono mfukoni, nami nikaanza kupiga yowe.

Kilichofuata kilikuwa kungoja. Mtu akishakufa hivyo, wewe uliyeng'atwa na mnyama yule yule unaishi vipi? Nilirudi kumlea mtoto wa dada yangu na kila siku nilijipima. Nilimimina maji kikombeni, nikayatazama, nikasikiliza koo. Nikimeza nilishukuru, na baada ya muda mfupi nikamimina tena. Upepo ukinipuliza usoni nilisimama kuona kama utaniuma. Mtoto naye nilimchunguza, kwa kuwa alinyonya mpaka mama yake alipoanza kuugua. Akikataa uji tu, nilimpa maji nione kama atameza. Popo walipotoka jioni niliingia ndani nikafunga kila tundu kwa matambara. Mtoto yule, Bhoke, sasa ni mama wa watu. Mimi bado najipima. Wenzangu wananiona nakiangalia kikombe kabla ya kunywa, wanadhani natafuta uchafu.

Na Bwana Mifugo akang'oa keria. Siku chache baada ya msiba aliifungua kwa spana mbele ya nyumba yake, akaitupa chooni. Tangu hapo alisukuma baiskeli huku amejitwika dumu la dawa kichwani, au ndama mgonjwa shingoni, na watoto wakamcheka: baiskeli anaipeleka matembezi. Wasiojua walisema amechanganyikiwa. Ghala alilipulizia dawa mpaka popo wakahama, halafu wadudu wakala pamba, na Marwa akamlaumu kwa hilo pia. Marwa alikufa mzee, kitandani kwake, akiombewa. Nimeandika.

Nilimwona mara ya mwisho Mbalibali, alikostaafu. Nilikwenda makusudi. Kwa miaka mingi nilikuwa na maneno yangu tayari: wewe ndiye uliyesema sumu, wewe ndiye uliyesema haiambukizi, Marwa alitumia mdomo wako. Nilitaka nimwambie kabla hajafa, au kabla sijafa mimi.

Nilimkuta ameketi nje, amekonda, baiskeli ile imeegeshwa ukutani bila keria. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akanitazama mguu kabla ya uso.

"Unakunywa maji?" akaniuliza.

"Nakunywa."

"Bila shida?"

"Mpaka sasa."

Akatikisa kichwa. Nikajua kwamba na yeye amekuwa akinipima kwa mbali miaka yote ile.

Sikuwa nimeanza bado maneno yangu aliponitangulia. Walipita vijana, akasema, wataalamu wa wanyama, wanawakamata popo kwa nyavu na kuwatoa damu. Aliwasimulia habari ya fungo. Wakamwambia kwamba popo wana virusi vyao, ndugu wa vile vya kichaa cha mbwa lakini si vile vile, na vinaweza kuingia kwa mnyama anayewala au kuwagusa, kisha kwa mtu.

"Niliwauliza habari ya sindano," akasema. "Wamesema zile zilitengenezwa kwa ajili ya kichaa cha mbwa. Kwa hiki cha popo hawana hakika. Huenda zisingemsaidia."

Nikahisi hasira inanipanda. "Kwa hiyo umepata nafasi ya kulala."

"Hapana. Ngoja." Alivuta pumzi. "Nikawauliza, basi huyu mwingine alipona na nini? Wakasema huenda hakuambukizwa kabisa. Au huenda ni kuoshwa. Wakaniuliza, aliosha kidonda? Kwa sabuni? Kwa muda gani? Nikawaambia, wa kwanza, sana. Wakaniuliza wa pili."

Hakumaliza. Miaka yote alikuwa akijilaumu kwa keria, na mimi nilikuwa nikilaumu lori, na kumbe labda lilikuwa jambo la pale pale, pale kwenye jiwe sabuni ilipowekwa.

"Ningemwambia Marwa ni kichaa," akasema, "hata kwa kubahatisha, asingethubutu kuichukua sabuni. Nilijua hajamaliza. Nilisema hajamaliza. Halafu nikasema lile neno lingine."

Hayo ndiyo maneno yangu niliyokuja nayo. Alikuwa ameyasema yote.

Mke wa mwanawe akatoka na ugali na samaki. Akaleta jagi la maji, beseni na sabuni. Mbele ya mkwewe alipiga goti, akaviweka chini, mbali kidogo, sabuni pembeni juu ya jiwe la mlangoni, akarudi nyuma bila kuinua uso. Sote wawili tuliitazama ile sabuni.

Bwana Mifugo akatoa mikono mfukoni. Alijiinua, akaichukua sabuni, akaiweka kiganjani mwangu, akashika jagi na kunimiminia. Nilinawa kama mtu anavyonawa kwa chakula, nikataka kuondoa mikono.

"Bado," akasema.

Nikaendelea. Maji yakapungua, akamwita mkwewe alete mengine, yakaletwa, yakawekwa chini, akayachukua akamimina. Povu lilijaa beseni. Ugali ulipoa. Nilisugua kati ya vidole, nyuma ya kiganja, pale hasa meno yalipomshika Robi, na hakuna aliyetuita turudi kazini.